Mtoto wa Kahawia wa Mbwa Weusi

Waliokuwapo sebuleni asubuhi ile ni hawa: kinyozi, mkewe, jirani yao fundi saa, na daktari wa mifugo. Ndani ya boksi, mbwa jike mdogo mweusi alikuwa ananyonyesha watoto wanne. Watatu walikuwa weusi kama mama yao. Wa nne alikuwa na mabaka meusi, na ngozi ya mgongo wake ilikuwa imevimba.

"Huyu alizaliwa na rangi gani?" daktari aliuliza.

Kinyozi alitazama viatu vyake. Mkewe akajibu, "Kahawia, daktari. Mwenzangu akampaka piko."

"Piko?"

"Ile rangi nyeusi ya nywele za wateja," kinyozi alisema kwa sauti ndogo. "Niliona aibu. Nilikwisha kujisifu kuwa mbwa wangu ni wa ukoo safi."

"Ukatangaza kuwa dume wangu, baba wa watoto hawa, ni mbwa koko," fundi saa alidakia. "Mbele ya wateja, nami nimekaa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa! Nikatoka vivyo hivyo."

Mke wa kinyozi aliuma mdomo asicheke. Daktari alimsafisha mtoto, akampaka dawa.

"Kinyozi, mzee ukimpaka piko, mvi zake zimekwisha?"

"Hazijaisha. Zimefunikwa tu."

"Basi. Kila mtoto wa mbwa hurithi maagizo mawili ya rangi hii, moja kwa baba, moja kwa mama. Agizo la weusi hufunika la kahawia. Wazazi hawa ni weusi, lakini kila mmoja ameficha kahawia. Huyu alipata kahawia kwa wote wawili."

"Kwa hiyo si koko?" kinyozi aliuliza.

"Rangi peke yake haithibitishi. Koko naye anaweza kuwa mweusi tii. Ukoo hutazamwa katika cheti cha wazazi, au kwa kipimo cha vinasaba. Na piko usimpake mnyama kamwe. Humuunguza, na akiilamba ni sumu."

Fundi saa alitoa cheti cha dume wake. "Nilikuonyesha. Ukasema karatasi haina manyoya."

Kinyozi alikisoma polepole. Babu wa dume: kahawia. Uso ukamshuka.

"Jirani, nisamehe."

"Uliniaibisha hadharani, ndugu yangu. Msamaha wa sebuleni hautoshi."

Jumamosi, wateja walipojaa, kinyozi alizima mashine. Alimpakata yule mtoto, uvimbe umekwisha, manyoya ya kahawia yanaanza kuota.

"Wazee wangu, nilimwita dume wa jirani yangu koko. Nilisema nisilolijua. Huyu hapakwi rangi tena. Atakaa hapa mlangoni, na kila atakayeuliza, nitamweleza kosa langu mwenyewe."