Kiti cha Shubakani

Rangi ilikauka ukuta mzima isipokuwa mahali pamoja, upana wa kiganja, kwenye ule ukuta wa dohani uliotokeza sebuleni. Peninah alipagusa asubuhi, akapagusa tena alipotoka zamu yake kwenye nyumba ya wazee, na mara zote kidole kilirudi na rangi. Shem, mumewe, alisema ni baridi ya Februari tu. Nyumba hizi za Stechford, mtaa huu wa Birmingham, ni kuukuu, alisema, na dohani yenyewe ilizibwa kwa ubao tangu watu walipoacha kuchoma makaa.

Kila upande wa dohani ukuta uliingia ndani ukafanya shubaka. La kulia, Shem alilipigia rafu za vitabu na picha za harusi. La kushoto alimtengenezea binti yao Nyambura, mwenye miaka sita, kiti cha mbao cha kusomea, akakiwekea mto mwekundu na pazia la maua. Mtoto alikipenda kiti chake. Kila akitoka shule alijifungia humo, na mama yake akawa anamsikia akinong'ona.

Hapo ndipo Peninah alipokosea, na mama yeyote wa kanisa lao angekosea vivyo hivyo. Yeye ni Mkisii na Shem ni Mkikuyu, kwa hiyo lugha ya nyumbani ilikuwa Kiswahili. Lakini Nyambura, kama watoto wengi waliozaliwa Birmingham, alikielewa tu. Kujibu alijibu kwa Kiingereza. Walimbembeleza, wakamtania, wakamwagizia vitabu kutoka Kenya. Wapi! Kisha alasiri moja, nyuma ya pazia, mtoto akasema polepole, "Mama, nimerejea. U hali gani?"

Peninah alicheka mpaka akatokwa na machozi. Jumapili aliwasimulia wenzake, na rafiki yake Moraa akataka kujua anamlisha nini. "Wangu hata maji anaomba kwa Kiingereza," Moraa alisema, "na akikasirika ananiita kwa jina langu lote kama polisi."

Katika furaha hiyo Peninah hakujiuliza mtoto aliyatoa wapi maneno ambayo yeye na Shem hawakuyatumia kamwe. Wala hakujiuliza kwa nini, kila Nyambura akiyatamka, sebule ilinuka masizi mabichi.

Siku ya nne Peninah alikwaruza kadi ya simu akampigia mama mkwe wake Nakuru, yule shosho, bibi ambaye mtoto alipewa jina lake, akampa Nyambura simu. Bibi na mjukuu waliongea kwa muda mrefu, mtoto akiwa ndani ya shubaka. Kisha shosho akamtaka Peninah, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Shem yuko hapo?"

"Yuko kazini, mama."

"Mna mgeni?"

"Hapana. Ni mimi na mtoto tu."

"Basi huyo mwanamume anayemtangulia mtoto kwa kila neno ni nani?"

Peninah aliishusha simu bila kuaga, akaliona pazia likivimba taratibu na kurudi, likivimba na kurudi, kama kitambaa kilichofunika mdomo wa mtu aliyelala, na alipolisogeza alimkuta mwanawe amepiga magoti juu ya ule mto mwekundu, shavu na sikio vimebanwa ukutani, macho wazi bila kupepesa, midomo ikifuata nyuma kidogo, neno kwa neno, sauti nzito na ya upole iliyokuwa ikisema ndani ya matofali kwamba hapa ni pazuri, hapa pana joto, na mama naye atakuja.

Alimnyakua mtoto wakatoka barabarani bila koti.

Kesho yake mchana alikuja Annonciata, mama wa maombi wa kanisa lao, mtu wa Bukavu, Kongo. Shem, aliyekwisha kusimuliwa yote, hakwenda kazini. Annonciata hakupaza sauti. Aliketi sakafuni mbele ya shubaka, akakitazama kiti kama anavyotazamwa mgonjwa.

"Mulijenga kiti," alisema kwa sauti ya chini. "Mukaweka muto, mukaweka na pazia. Mulizani ni nani atakuya kuikala?"

"Mtoto wetu," Shem akanong'ona.

"Mutoto alikuwaka na kitanda yake. Huyu wa mu ukuta ndiye hakukuwa na kitu."

Akawaagiza wang'oe kiti, pazia na mto, wavitoe nje. Kisha Shem aung'oe ule ubao wa dohani, ili anayetoka apate pa kupitia. Masizi yalimwagika hadi kwenye zulia. Annonciata aliomba, saa nzima, taratibu kama anayembembeleza mtoto alale, mpaka masizi yenyewe yakaanza kuinuka kutoka sakafuni, chembe kwa chembe, yakapanda yakaingia dohani, na harufu ikaisha. Peninah aligusa ukuta. Ulikuwa mkavu.

Jioni, Annonciata akiwa ameshaondoka, walikula chapati na maharagwe watatu hapo sebuleni, taa zote zikiwaka. Peninah alimtazama mtoto akitafuna. Kulikuwa na jambo moja aliloogopa kuliuliza, kwa maana jibu lingemwambia aliye mbele yake ni nani.

"Umeshiba, mama?"

Nyambura alijifuta mdomo. "I'm full, Mum."

Kiingereza. Kiingereza chake kilekile cha Birmingham. Peninah alimkumbatia kwa nguvu, na Shem akacheka kwa mara ya kwanza tangu jana.

Ndipo kutoka shubakani, mahali palipokuwa patupu kabisa, sauti ile nzito ikasema kwa upole:

"Mimi bado."