Dakika Kumi na Moja Chini ya Mnara

"Usiingie mnarani mpaka lori lishikwe."

Amri ilikuja saa tatu na dakika nne asubuhi, Jumapili. Sauti ya Kavoi, mkuu wa operesheni, ilikuwa kavu.

"Rudia, Mkuu," Nereah alinong'ona.

"Umenisikia. Lori limetoka Dagoretti. Dereva akikosa kusikia sauti ya mnarani atageuza, na bunduki mia mbili zitapotea mitaani. Subiri."

"Tim yuko huko juu."

"Najua."

Redio ikanyamaza.

Nereah Obiero alikuwa na miaka tisa katika ujasusi. Asubuhi hiyo alikuwa amepiga magoti kwenye nyasi, kanzu nyeupe mwilini, kitambaa cheupe kichwani, kama waumini wengine wa dhehebu la Roho waliopanda kilimani kuomba. Chini ya kanzu, bastola ya Ceska. Sikioni, kifaa kidogo kama punje ya mtama.

Mbele yake lilisimama banda la mawe. Askari wa mkoloni walilijenga karibu miaka mia moja iliyopita wajikinge mvua, kisha wakainua mnara juu yake wa kuchungulia. Ukiwa kileleni unaona mabati ya Soweto West upande huu na ya Kawangware upande ule. Unaona kila barabara. Unaona kila gari la polisi.

Ndiyo maana Ndululu aliutaka.

Ndululu aliingiza bunduki kutoka nje ya nchi na kuziuza kwa yeyote. Kila Jumapili ya kazi alikaa mnarani na darubini, akimwelekeza dereva kwa redio. Miezi minne iliyopita Kavoi alimpenyeza jasusi katika genge lake. Timothy Wekulo. Mchekeshaji, mtoto wa Kabiro, mpenda kuku.

Mchumba wa Nereah. Harusi ilipangwa Desemba.

Alfajiri, Timothy alituma neno moja.

"Wamenijua."

Kipaza sauti alichokuwa amekificha kati ya mawe ya mnara bado kilifanya kazi. Nereah alisikia kofi. Halafu kiti kikianguka.

"Nani amekutuma, buda?" Ndululu aliuliza.

"Mama yako," Timothy akajibu.

Kofi lingine.

Mkono wa Nereah ulikwenda kwenye bastola. Ngazi zilikuwa hatua ishirini kutoka alipopiga magoti. Angeweza kufika.

Ndipo Timothy akasema tena, polepole, kwa sauti ya juu kidogo.

"Usiharakishe. Ngoja lori kwanza. Mimi niko sawa."

Ndululu alicheka, akidhani anabembelezwa. Hakuwa yeye aliyeambiwa.

Nereah alirudisha mkono.

Akangoja.

Ngoma ilipigwa, waumini wakaimba. Walikuwa ishirini na kitu, na baadhi yao walikuwa watu wa Ndululu. Nani? Kanzu zilikuwa za aina moja, misalaba ya aina moja. Nereah aliinamisha kichwa kama anayelia, akatazama chini.

Kwao Kambi Muru, mama yake hakuwahi kukanyaga mahali pa maombi na viatu. Hakuna muumini wa Roho anayefanya hivyo. Nyayo zote zilizomzunguka zilikuwa tupu, zina vumbi.

Isipokuwa za watu watatu.

Raba nyeupe, mlangoni mwa banda. Buti, kando ya ngazi. Raba nyeusi, nyuma ya mpiga ngoma.

Kanzu walinunua. Hakuna aliyewaambia habari ya miguu.

Yule wa raba nyeupe alimsogelea. "Siz, umeomba sana. Niombee na mimi nipate doo, mfuko uko tupu."

"Jina?"

"Sema tu brathe wa raba. Mungu ananijua."

"Nitakuombea," Nereah alisema. "Utahitaji."

Dakika tano. Sikioni, Timothy alikuwa anapumua kwa shida.

Dakika nane. Ndululu alimwambia dereva barabara iko wazi.

Dakika kumi. Timothy alikohoa, kikohozi cha mtu aliyejaa damu. Nereah aliuma kitambaa cha kichwa asipige kelele.

Dakika kumi na moja.

Redio ya mnarani ilipasuka kwa sauti ya dereva. "Makarao! Polisi wako kila mahali! Tumeuzwa!"

Mlio mmoja wa risasi juu.

"Tumelibana," Kavoi akasema. "Ingia."

Alikuwa ameshaingia.

Raba nyeupe alipata risasi ya goti. Buti alichomoa bunduki, akachelewa. Raba nyeusi alitupa yake chini mwenyewe na kulala kifudifudi katikati ya waumini waliokuwa wakipiga mayowe.

Ngazi za mawe. Kona. Ndululu akatokea, akafyatua, akakosa.

Nereah hakukosa.

Alimruka akaingia chumba cha juu. Timothy alikuwa ameegemea ukuta, mikono imefungwa kwa waya, shati lote jekundu.

"Lori?" aliuliza.

"Limeshikwa."

"Zote?"

"Zote, Tim. Nyamaza, wanakuja na ambulensi."

"Uliniskia?"

"Nilikuskia."

"Poa." Alijaribu kutabasamu. "Ningejua utanitii hivi, ningekuoa mapema."

Nereah alibonyeza jeraha kwa mikono miwili. Alibonyeza mpaka vidole vikafa ganzi, na aliendelea hata baada ya kifua cha Timothy kutulia.

Dirishani, juu ya jiwe, simu ya Timothy ikaanza kulia. Nereah aliiacha ikalia mara mbili, kisha akaipokea.

"Tim! Mko wapi? Kuku inapoa." Ni Mideva, mama yake Timothy, akiita kutoka Kabiro.

"Mama, ni Nereah."

"Aa, binti yangu. Nipee huyo mtu."

"Hawezi kuongea."

"Yuko na wewe?"

"Tuko pamoja."

"Basi mkuje."

Nereah alifumba macho. "Nakuja mimi, mama. Mimi peke yangu."

Sufuria ikagongwa mahali fulani.

"Nereah. Mtoto wangu ako wapi?"

Akamwambia. Hakuficha neno hata moja, hata zile dakika kumi na moja alizongoja chini ya mnara.

Alishuka baada ya wabebaji wa machela. Kavoi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, mlango wa gari ukiwa wazi.

"Nereah, hatukuwa na njia nyingine."

"Najua, Mkuu."

"Panda nikupeleke."

"Nitatembea."

Alimkabidhi bastola, akafuta mikono kwa kanzu, akateremka kilima kuelekea Kabiro bila kuharakisha na bila kugeuka.