Jiwe Lililopumua

Kiangazi kilikuwa kikali Mtoni. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, na Gaudens, karani wa bandarini, alikuwa amehamia hapo na mkewe Kokuberwa kutoka Bukoba. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na bwawa dogo lililokauka. Kokuberwa akashika jembe alime mchicha humo.

Jirani yao, Bi Mauwa, alipita akiwahi msibani.

"Mwanangu, lima pembeni. Katikati paache."

Hakueleza zaidi, akaenda zake. Kokuberwa akalima katikati, maana ndiko kulikokuwa na udongo laini. Mara jembe likagonga kitu. Akainama, akang'oa jiwe jeusi, pana kama sahani. Jiwe likamrushia maji yanayonuka, kisha likajifunga kama kasha.

"Mama weee! Jiwe linapumua!"

Akalitupa. Gaudens akatoka mbio. Alipoona jiwe linachungulia kwa jicho moja, alirudi nyuma.

"Uchawi huu! Ndiyo maana Mauwa alikukataza. Lete mafuta ya taa tulichome."

Bi Mauwa alikuwa anarudi, akayasikia yote. Akasimama kama aliyepigwa kofi.

"Mchawi mie, Gaudens? Mie niliyewapokea hapa?"

Bi Mauwa akapiga magoti, akaliokota lile "jiwe".

"Huyu ni kobe wa maji. Bwawa likikauka hujifukia kwenye tope, akalala mpaka mvua. Harufu hiyo ndiyo silaha yake. Na tazameni, gamba la tumbo lina bawaba. Akiogopa huvuta kichwa ndani, akafunga mlango."

"Miezi yote hiyo chini ya udongo? Hafi?" Kokuberwa aliuliza.

"Mwili wake hutulia, hewa kidogo humtosha. Mvua ikinyesha hutoka, akala konokono na viluwiluwi. Jike hutaga mayai ardhini, hapo ukingoni. Mkimchoma, ndipo atakufa."

Gaudens aliinamisha kichwa. "Shikamoo, mama. Nimekutukana bure. Niwie radhi."

Bi Mauwa akamfuta kobe tope. "Marahaba," akasema.

Wakamfukia kobe taratibu. Mchicha ukapandwa pembeni, ukastawi.

Masika yakaja, bwawa likajaa. Asubuhi moja Kokuberwa alichungulia, akaangusha ndoo. Vichwa vidogo vilikuwa vimechomoza majini: kimoja, cha pili, kisha vingine vingi huku na huku.

"Bi Mauwa! Kimbia uje! Kumbe nilikuwa nalima juu ya ukoo mzima!"