Joto Chini ya Zulia

Asubuhi ya nyumba ya Mwinshehe ilianza kwa kuruka. Ukitoka chumbani, unaruka waya wa friji. Ukiingia sebuleni, unaruka waya wa televisheni, halafu wa feni, halafu wa redio. Ukifika mlango wa uani umeshachoka, na chai bado hujanywa.

Nyumba hiyo ilikuwa Temeke, si mbali na soko la Stereo. Ilijengwa zamani, wakati mtu mwenye redio moja alijiona tajiri. Sebule nzima ilikuwa na soketi mbili tu. Lakini mwaka huo wa tisini na saba, vitu vilikuwa vimejaa madukani. Mwinshehe alikuwa na televisheni, deki ya video na feni. Mkewe, Hamisa, alikuwa na friji la kugandishia barafu za kuuza. Kulikuwa na taa ya kuchaji, maana umeme ulikatika ulivyotaka wenyewe. Na Mbwana, mtoto wao mkubwa anayeuza nguo Kariakoo, alikuwa na simu ya mkononi kubwa kama tofali. Chaja yake ilikuwa tofali la pili.

Vyote hivyo vilikula pamoja. Ekstensheni ilichomekwa kwenye ekstensheni, nayo ikachomekwa kwenye ekstensheni nyingine. Majirani wanasema panya aliingia nyuma ya kabati la televisheni siku ya Jumatatu, akapotea njia. Alitokea Alhamisi, amekonda, anauliza sokoni ni wapi. Panya mwenyewe mie sikumwona. Lakini nyaya niliziona, na maneno ya panya nayaamini.

Hamisa hakuwa na nguvu ya kucheka. Mama yake, Bi Munira, alikuwa Boko, upande wa pili wa jiji. Macho ya mama yalikuwa yanazima kidogo kidogo. Hamisa alikuwa anakwenda kumpikia na kumfulia, anarudi Temeke kugandisha barafu.

Jioni moja alirudi, akakaa kizingitini bila kuvua ushungi.

"Mama yukoje leo?" Mwinshehe aliuliza.

"Ametia chumvi kwenye chai, akainywa yote. Namuuliza, ananiambia sukari ya siku hizi imeharibika."

Mwinshehe alitaka kucheka. Akauona uso wa mkewe, akaacha.

"Baba Mbwana, mie nimechoka. Magari matatu kwenda, matatu kurudi. Siku moja nitafika nikute ameangukia jiko."

Karibu kabisa na nyumba ya Bi Munira kulikuwa na kinyumba kinauzwa. Uwanja ni mmoja. Mwenyewe alikubali kuwasubiri mpaka Idi ya kuchinja. Idi ikipita, atamuuzia mtu mwingine. Ili wakinunue, lazima ile ya Temeke iuzwe kwanza.

Wanunuzi wawili walikwisha kuja. Wa kwanza alijikwaa. Wa pili hakukaa hata kwenye kiti. Alisema anatafuta nyumba ya kuishi, sio stesheni ya umeme.

Wa tatu angekuja Jumamosi. Aliitwa Shamsuddin, mfanyabiashara wa mabomba na koki. Angekuja na mama yake, Rubabbai, kwa sababu mama ndiye atakayekaa humo mchana kutwa.

"Huyu asizione hizi nyaya," Hamisa alisema. "Hata mmoja."

Basi Hamisa alifanya anachokijua. Mtaa mzima hapakuwa na mwanamke anayefuma vitambaa kama yeye. Alifunika televisheni kwa kitambaa. Alifunika deki. Alifunika ekstensheni zote tatu, moja moja, kama watoto waliolala. Mbwana akaleta zulia jekundu, nene, la kukopa kwa rafiki yake. Wakalitandika juu ya nyaya zote.

Sebule ikapendeza kama picha ya kwenye kalenda.

"Hapa pamevimba," Mwinshehe alisema, akikanyaga.

"Weka kiti," Hamisa alimjibu.

Kiti kikawekwa juu ya waya.

Jumamosi asubuhi Hamisa aliwasha kila kitu, ili mgeni aone nyumba ina uhai. Friji lilinguruma, feni ikazunguka, televisheni ikaimba. Shamsuddin alibisha hodi pamoja na mama yake. Wakasalimiana.

Sasa, hapa ndipo Hamisa alipojisahau. Alifikiria macho ya wageni. Hakufikiria miguu yao. Mgeni mwenye adabu akifika kwenye nyumba ya watu, anavua viatu mlangoni. Rubabbai alikuwa na adabu kuliko wote. Alivua kandambili zake, akaingia peku.

Shamsuddin aligonga kuta, akaangalia dari, akaridhika. Mama yake alitembea polepole juu ya zulia. Katikati ya sebule alisimama. Akarudisha mguu nyuma, akaurudisha tena mbele.

"Shamsu," alimwita mwanawe. "Hii sakafu ina homa."

"Ni jua hilo, mama," Hamisa alisema haraka.

"Jua la dirisha gani, mwanangu? Hapa kivuli."

Rubabbai aliinama, akafunua pembe ya zulia. Harufu ya plastiki ikapanda. Waya ulikuwa umelegea kama pipi iliyotafunwa, na zulia kwa chini limeanza kuwa jeusi.

"Zima swichi kubwa! Msiuguse!" Shamsuddin alipiga kelele.

Mwinshehe akakimbilia ukumbini, akazima umeme wa nyumba nzima. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Televisheni ikanyamaza katikati ya wimbo.

Rubabbai hakugomba. Afadhali angegomba.

"Mama," alimwambia Hamisa, "nyaya ziko kila nyumba. Hata kwangu zipo. Lakini hizi umenifunikia. Sasa nitajuaje kama kuna kingine umekifunika?"

Akavaa kandambili zake. Wakaenda.

Hamisa alikaa palepale sakafuni. "Idi hiyo inafika," alisema.

Mara akaingia jirani yao, Anastasia. Huyu ni Mnyamwezi wa Tabora. Alikuwa fundi umeme kwenye kiwanda cha nguo miaka mingi, mpaka kiwanda kilipopunguza watu. Sasa anakaanga vitumbua mlangoni kwake. Mafuta yake yana moto, na mdomo wake una moto kuliko mafuta.

"Mtani wangu Mzaramo," alimwambia Mwinshehe, "mnachoma nini? Au ng'ombe wa Idi mmeanza kumla mapema?"

"Mnyamwezi, leo sio siku ya utani."

"Utani hasa ni siku ya msiba. Na nyie leo mmebakisha kidogo tu mnipe kazi ya kuja kuwatania kaburini." Akaliona zulia. Akauona waya. Akaacha kucheka. "Nani kauweka huu hapa?"

"Mie," Hamisa alisema. "Nilitaka usionekane."

Anastasia akakaa chini, karibu naye.

"Sikiliza, Mama Mbwana. Waya ukipitisha umeme, unapata joto. Ukiwa wazi, joto linakwenda zake. Wewe umeuvika blanketi, jua kali hivi, Temeke hii. Halafu umeuwekea kiti mgongoni. Angekuwa mtu, angefanyaje?"

"Angekufa."

"Waya haufi peke yake. Unakufa na wenye nyumba."

Mbwana alikuwa amesimama mlangoni. "Sasa shangazi, tuziache zionekane? Si watu watakimbia tena?"

"Nani kasema zionekane? Nyaya zinafichika vizuri tu. Lakini kwanza zipungue. Njoo hapa. Hii chaja ya nani?"

"Ya simu yangu."

"Simu iko wapi?"

"Hii hapa, mfukoni."

"Sasa hapo ilikuwa inachaji nini? Ukuta?" Akaichomoa, akamtupia. "Ukimaliza kuchaji, chomoa, weka kwenye droo. Na ile taa pia. Na hii deki inacheza?"

Mwinshehe alikohoa. "Iliharibika mwaka juzi."

"Na bado mnailisha! Itoeni."

Wakaitoa. Wakatoa na redio ya pili, na pasi iliyokatika mkono, na waya mmoja ambao hakuna aliyejua unatoka wapi. Nyaya zikabaki nusu.

"Sasa friji," Anastasia alisema. "Friji linakula umeme mwingi. Halitaki ekstensheni. Linataka soketi yake lenyewe, ukutani."

"Soketi zenyewe ziko wapi?" Mwinshehe aliuliza. "Hapa zipo mbili tu."

"Ukumbini je? Nyuma ya kabati la vyombo?"

Walisukuma kabati. Soketi ilikuwepo, nzima, na haijaungua. Ilikuwa imefichwa na kabati miaka mingi. Buibui alikuwa amejenga humo ghorofa, amebakisha kupangisha. Wakasafisha, friji likahamia huko. Televisheni ikasogezwa kwenye ukuta wenye soketi ya nafasi mbili, kwa hiyo waya wake mfupi ukatosha. Haukuhitaji tena kuvuka chumba.

Ekstensheni ikabaki moja tu, ya feni na redio, kwenye nafasi ya pili. Anastasia alimfundisha Mbwana kuupitisha waya wake pembeni kabisa, ukutani kwa chini. Mbwana akaushika kwa vibanio vidogo vya plastiki, vile vyenye kimsumari kimoja.

"Kimsumari kiingie ukutani. Kisiuguse waya. Ukiutoboa, umejitafutia makubwa."

Waya uliozidi waliukunja mizunguko mikubwa, bila kuubana. Wakaufunga kwa utepe wa kitambaa nyuma ya kabati, mahali penye nafasi ya hewa. Nyaya zilizolegea Anastasia alizikata vipande vipande, asije mtu akaziokota jalalani akazitumia.

"Na vitambaa vyangu?" Hamisa aliuliza.

"Vizuri sana. Weka mezani. Televisheni inapumua kwa mgongo. Usiizibe pua."

Ilibaki soketi moja ya sebuleni, ile iliyobeba ekstensheni zote tatu. Uso wake ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia. Mwinshehe akamwambia Anastasia aifungue.

"Hiyo siigusi."

"Wewe si fundi?"

"Nilikuwaga fundi wa mashine za kiwandani. Ya ukutani ni kazi ya fundi mwenye leseni. Muiteni. Mpaka aje, hapo hapachomekwi hata chaja. Na mtani, usijaribu mwenyewe. Nakujua."

Walipowasha tena swichi kubwa ya nyumba, sebule ilikuwa na nafasi mpaka sauti zinarudi. Hamisa alitembea kutoka dirishani mpaka mlango wa uani. Hakuruka kitu. Akarudi. Akaanza kulia kidogo, kwa uchovu tu.

Halafu akafuta uso, akamwita Mbwana.

"Nenda dukani kwa Shamsuddin."

"Mama, atanifukuza."

"Akufukuze ukishasema. Mwambie mama yake, nilimfunikia. Sasa aje nimfunulie."

Mbwana alikwenda akijikokota. Siku mbili zikapita kimya. Siku ya tatu, hodi ikabishwa. Rubabbai alikuwa mlangoni na mwanawe, anavua kandambili.

Alitembea sebule yote. Kila pembe aliikanyaga, taratibu, kama daktari anayempima mgonjwa. Zulia halikuwepo tena. Sakafu ilikuwa baridi.

"Sakafu imepona," alisema.

"Alhamdulillahi. Njoo mama, nikuonyeshe." Hamisa alimshika mkono. "Nyaya zile pale pembeni, nyingine nyuma ya kabati. Vuta uone. Na soketi hii imeungua. Hii ndiyo iliyobeba mzigo wote siku ile. Fundi mwenye leseni ameitwa, bado hajafika. Mkiingia kabla hajaja, msichomeke kitu hapa."

"Hili ungeweza kuliacha. Mie nisingeliona."

"Macho yasingeona. Mguu ungeona."

Rubabbai alicheka mpaka akashika kabati. Mwinshehe akacheka. Shamsuddin, aliyekuja tayari kununa, akashindwa.

"Shamsu," mama yake alimwambia, "kaa chini, mzungumze na bwana. Na upunguziwe bei kwa ajili ya soketi, usisahau. Mie naangalia jiko."

Wakazungumza, wakabishana, wakaapishana, wakapeana mikono. Idi ilipofika, akina Mwinshehe walichinja Boko.

Kinyumba cha Boko kilikuwa kidogo, na umeme ulikuwa umefika. Siku ya kuhamia, Mwinshehe alianza na nyaya kabla ya vitanda. Alipanga vyombo karibu na soketi. Hakuacha waya hata mmoja ukatize njia. Anastasia alikuja kukagua, akazunguka nyumba nzima kutafuta kosa. Hakulipata, akasema basi chai yao ni nyepesi.

Mchana mmoja Hamisa alilala kidogo mkekani. Alisema anapumzisha mgongo tu, halafu atakwenda kumchukua mama yake ng'ambo ya uwanja. Usingizi wa miaka yote ya Temeke ukamwangukia.

Bi Munira alingoja. Alipoona hachukuliwi, alivuka uwanja polepole mwenyewe. Akaushika ukuta wa nyumba ya mwanawe. Akaingia. Alivuta mguu sakafuni, kidogo kidogo, toka mlangoni mpaka chumbani. Hakuna kitu kilichomkwaza. Kidole chake cha mguu kikagusa mkeka.

Hamisa akashtuka. "Mama! Ngoja niamke nikushike."

"Unishike unipeleke wapi? Nimekwisha fika," Bi Munira alisema. Akakaa, akatafuta kichwa cha binti yake kwa mkono, akaanza kumpepea kwa pindo la kanga. "Wewe lala."