Aliyenizuia Kuchuchumaa

Nina miaka arobaini na minne, ni mjane, mama wa binti mmoja. Nauza caguwa, yaani nguo za mtumba, kule Jabe hapa Bujumbura. Wasomaji wenzangu, yaliyonipata sitaki hata adui yangu yamkute...

Katika kazi yetu, magoti ndiyo mtaji. Balo, lile robota la nguo, likikatwa kamba tunachuchumaa kulizunguka, na mkono unaowahi ndio unaopata. Ukibaki umesimama, utaokota matambara. Mimi na Zaituni tulikuwa tukinunua balo moja, tunachambua pamoja, tunagawana. Na Zaituni si rafiki tu! Nilipolazwa baada ya kujifungua, yeye ndiye aliyemnyonyesha Asha wangu. Mtu wa namna hiyo utamshuku vipi?

Mwaka jana goti la kulia likaanza. Maumivu yalizunguka ile pia ya goti: nikichuchumaa, nikipanda ngazi, hata nikikaa sana. Kusujudu kukanishinda, nikawa naswali juu ya kiti kama bibi kizee. Nililia, jamani!

Kliniki wakanipeleka kwa kine, yule anayetibu kwa mazoezi. Binti mdogo tu! Akanilaza ubavu, niinue mguu polepole. Akanilaza chali, ninyanyue nyonga. Hee! Goti linauma, yeye anahangaika na nyonga? Akanieleza kwamba misuli ya paja na nyonga ikilegea, goti ndilo linaloumia. Maumivu kidogo wakati wa zoezi yasinitishe, niende taratibu, ila nisiache. Dawa hakunipa. Nikatoka nikimshuku: huyu amesoma kweli, au ananichezea?

Nilipomsimulia Zaituni, alishika kichwa.

"Apana rudi kule, dada! Ule mutoto atakuvunja muguu. We kaa tu kwenye kiti. Balo, mi nitakuchagulia."

Nikakaa. Akaniletea mafuta ya kuchua, akanikanda kwa mikono yake mwenyewe. Nikamwombea dua.

Lakini rundo langu likazidi kuwa baya. Mashati bila vifungo, sweta zilizotoboka kwapani... Zaituni akasema mabalo ya siku hizi ni mabovu, nikameza. Mpaka alipopita mama mmoja wa mtaa wa Kibenga, mteja wangu wa miaka mingi wa blauzi za hariri. Alikuwa na mfuko mkononi, akanisalimia kwa haya.

"Pole na goti, Mama Asha," akasema. "Afadhali Zaituni ananiwekea zile nzuri."

Zile nzuri? Zipi, kama balo ni bovu?

Moyo ulinipasuka! Nikaanza kukumbuka... Kila nilipomtaja kine, Zaituni alikuwa wa kwanza kubadili mazungumzo. Kila nilipojaribu kuinuka, alikuwa wa kwanza kunikalisha. Lakini ushahidi ninao? Si huenda namdhulumu mwenzangu?

Nilirudi kwa kine kwa siri, nikamwomba radhi, tukaanza upya. Nyumbani nikawa nainua mguu juu ya mkeka, najishusha kidogo huku mgongo umeegemea ukuta. Mwanzoni iliuma, nikataka kuacha. Wiki zikapita... Alasiri moja nikajaribu kusujudu chini. Goti likakubali! Nilibaki palepale, machozi yakilowesha mkeka.

Sokoni, hata hivyo, niliendelea kuchechemea na kukaa kwenye kiti changu. Ndiyo, nilijifanya! Zaituni akiniuliza hali, namjibu bado tu. Naye anasema pole, kisha anashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Siku ya balo ikafika. Kamba ilipokatwa akaingiza mikono, kitenge kimetandazwa mapajani. Nikainuka, nikaenda kuchuchumaa karibu naye, goti kwa goti.

Alishtuka, uso ukambadilika.

"Nani alikuambia uinuke?"

Jamani! Hakusema alhamdulillahi. Hakusema hongera. Nikainua ncha ya kitenge chake. Chini yake blauzi tatu za hariri zilikuwa zimefichwa, na balo ndiyo kwanza limefunguliwa!

"Nilikuwa nakuwekea, dada..." akasema.

Sikumpiga, sikumtukana. Nilichukua fungu langu, na tangu siku ile nanunua balo langu peke yangu. Goti bado hunisumbua nikiacha mazoezi, kwa hiyo siachi. Usingizi ndio uliochelewa kurudi.

Wasomaji wenzangu, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ukiumwa, mtazame vizuri anayekuambia inuka na anayekuambia kaa! Mimi nilimshuku aliyetaka nisimame, nikamwombea dua aliyenikalisha. Msipite njia hiyo, nawasihi.

Asha bado anamwita Zaituni mama, kwa sababu ya yale maziwa. Sijamkataza. Ila kila nikimsikia anamwita hivyo, nageuza uso.