Kufuli la Tolasaa

Mimi nimesoma fizikia chuo kikuu, na mtu akiniletea habari za mizimu humuuliza kwanza amekunywa nini. Kaka yangu Boruu hanywi. Hapo ndipo penye shida.

Siku ile ilianza vizuri. Wifi yangu Caaltuu alikaanga kahawa, tukatafuna bisi za shayiri, Boruu akaenda zake mlimani na mafundi wake. Walikuwa wanamalizia kubadili nyaya za njia kuu, maana zile kuukuu zilishindwa kubeba umeme wa mitambo mipya ya upepo huku kwetu Arsi. Jioni ile mji ungewashwa.

Wana mwiko wao. Kabla ya kupanda nguzo, kila fundi hutundika kufuli lenye jina lake kwenye swichi kuu, ufunguo akautia mfukoni. Akishuka hulifungua mwenyewe. Kufuli likibaki, umeme hauwashwi: kuna mtu juu.

Alasiri wote walishuka, wakafungua yao. Likabaki moja. Jekundu, lenye kutu. TOLASAA.

Tolasaa alifia kwenye nguzo ileile mwaka juzi. Wakubwa walikuwa na haraka. Walilikata kufuli lake wakidhani kalisahau, kaenda nyumbani.

"Nani kaleta mzaha huu?" Boruu aliuliza.

"Mzaha gani, mkuu?" alinong'ona Dabalaa, fundi wake mkongwe. "Lile si tulimzika nalo?"

Simu ikalia. Meneja.

"Likate! Wageni wa uzinduzi wameshakaa, niwaambie nini? Maiti kagoma? Ukishindwa, kesho usije kazini."

"Njoo ukate mwenyewe, mheshimiwa," Boruu alijibu, akazima simu.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Akaenda chini ya nguzo. Akasikiliza. Huko juu, kulabu ya mkanda wa fundi iligonga chuma. Kidogo. Kisha tena.

"Tolasaa," aliita polepole. "Kazi imekwisha, ndugu yangu. Shuka."

Chuma kililia. Kipago kimoja. Kingine. Hakuna mtu. Nyasi zikalala mbele yake, kama zimekanyagwa. Harufu ya nywele zilizoungua ikampita begani.

Aliporudi, swichi ilikuwa tupu. Wakawasha. Mji ukang'aa.

Nyumbani, Caaltuu alikuwa anamimina kahawa Boruu alipoingia.

"Mgeni wako mbona hakai?"

"Mgeni gani?"

"Si huyu uliyeingia naye?"

Taa zikazimika. Zetu tu, za majirani ziliwaka. Nikachukua tochi, nikaenda ukutani kwenye swichi ya nyumba. Mpini ulikuwa umeshushwa. Juu yake, kufuli jekundu.

Nikaomba msumeno wa chuma. Mtu niliyesoma, ningefanya nini kingine? Boruu akanishika mkono. Wake ulikuwa wa baridi.

"Dada'angu, mwenye kufuli umemwona yuko chini?"

Juu ya bati, kitu kiligonga. Kidogo. Kisha tena.

"Nilimwambia ashuke," kaka alinong'ona. "Sikumwambia aende wapi."

Kesho yake fundi wa mita alikuja, akalitazama lile jina, akaondoka bila hata kunywa kahawa. Meneja naye hajathubutu kumfukuza Boruu. Akiwa na neno naye, hutuma mtu mwingine.

Mimi naandika haya kwa taa ya mafuta, mji mzima ukimeremeta dirishani. Shahada yangu iko ukutani. Msumeno uko mezani, karibu na mkono wangu.

Sijaugusa.