Biskuti Zilizookwa Mara Moja

Brites alioka mikate kwenye tanuri moja ng'ambo ya mto Tejo, upande unaotazamana na Lisbon. Kila siku ya kazi, yeye na binti yake Filipa walikanda magunia matatu ya unga. Unga ulitoka kwenye vinu vya pale pale mtoni, vile vinavyozungushwa na maji yakijaa na yakipwa. Kuni zilitoka msitu wa misonobari. Na mikate yote ilikwenda sehemu moja tu: kwenye meli.

Haikuwa mikate ya kula mezani. Ilikuwa biskuti za meli, za duara, ngumu, za kuwalisha mabaharia wanaokwenda India. Safari ile ni miezi sita ya maji matupu, ukijaliwa upepo.

Tanuri zilikuwa saba, na kila moja ilikuwa na mwanamke wake. Zote zilikuwa mali ya Bwana Gaspar Tavira, mwenye zabuni ya mkate wa meli. Pipa likijaa, mwoka mkate alikitia chuma chake motoni na kupiga chapa juu ya kifuniko. Brites alikuwa na chapa ya ufunguo. Jirani yake Leonor alikuwa na mkasi. Mwingine alikuwa na samaki. Ilikuwa amri ya bandari: mkate ukiharibika, ijulikane ni wa nani. Pipa lisilo na chapa, karani wa bandari alilirudisha.

Bwana Tavira mwenyewe hakuonekana kwenye moshi. Alimtuma nyapara wake, Bastião, mtu mfupi mwenye koti la ngozi, asiyetulia mahali pamoja.

"Toeni mikate," alisema kila siku, kabla ya wakati.

"Haijakauka, Bwana Bastião," Brites alimwambia mwanzoni.

"Imebadilika rangi?"

"Imebadilika. Lakini ndani bado."

"Nani ataangalia ndani? Kuni zinakwisha na nyinyi mnaota moto. Halafu mkate ukikauka sana unakuwa mwepesi. Bwana Tavira analipwa kwa uzito, mama. Halipwi kwa mlio wa meno ya mabaharia."

Wanawake walicheka. Brites naye alicheka kidogo, akatoa mikate. Kesho yake hakuuliza tena. Hivyo ndivyo ilivyoanza, kwa kicheko kidogo na kunyamaza kidogo.

Mwezi wa Agosti meli zilirudi. Lourenço, mume wa Brites, alikuwa fundi wa kuziba meli, na alikuwa ameondoka miezi kumi na saba. Filipa alimwona kwanza akipanda njia kutoka gatini, akadhani ni mzee fulani anayeomba. Alipotambua, alikimbia.

Jioni Brites alichoma sardini nene, zenye mafuta yanayodondokea makaa. Aliweka supu ya kabichi na mkate mpya. Lourenço alikula samaki kwa vidole, polepole, akitafuna kwa upande mmoja. Mkate aliuchovya kwenye divai hadi ukalowa.

"Mbona mkate wangu unaupa maji kama mtoto anayeachishwa ziwa?" Brites alimtania. "Ulikuwa unatafuna hadi mifupa wewe."

Lourenço alifungua mdomo. Upande wa kushoto meno manne hayakuwapo.

Brites aliacha kutania.

Lourenço aliinuka, akafungua mfuko wake wa turubai. Alitoa kipande cha mbao kilichofungwa kwa kitambaa, akakiweka mezani kati ya sahani.

"Hiki kifuniko cha pipa," alisema. "Soma."

"Nisome nini na mimi sijui kusoma?"

"Hii unaijua."

Juu ya mbao palikuwa na ufunguo mweusi uliochomwa kwa chuma.

"Ilikuwa mwezi wa tatu baharini," Lourenço alisema. "Mkate wa mapipa ya kwanza ulikuwa umekwisha. Nikaona pipa la ufunguo limetolewa. Nikajisifu, Brites. Nikawaambia wenzangu, hili la mke wangu, leo mtakula kama wafalme. Tukagonga kifuniko. Harufu iliyotoka ilikuwa ya chumba cha mgonjwa. Mikate imeshikana kama udongo. Ya kijani. Na inatembea."

"Inatembea vipi?"

"Fukusi, wale wadudu wa nafaka. Ukiweka kipande ubaoni, kinakwenda chenyewe."

Filipa aliweka mkono mdomoni.

"Mkaitupa?" Brites aliuliza.

"Mkate wa kula baharini ndio huo huo. Tulikula gizani ili tusione. Antão wa Almada, yule aliyeimba kwenye harusi yetu hadi akapotewa na sauti, alikufa akiharisha. Alikuwa amelala miguuni kwangu. Tulipofika Goa tulikuwa tumewatupa majini watu thelathini na tisa. Mimi niling'oa kifuniko nikakificha, kwa sababu wenzangu walikuwa wanauliza huyo mwenye ufunguo anakaa wapi."

Brites aliusukuma ubao mbali naye.

"Usinitazame hivyo. Mimi nakanda tu. Nyapara ndiye anayesema toa."

"Na chapa ni ya nyapara?"

Lourenço alikaa, akasema jambo lililokuwa gumu zaidi kuliko yote ya jioni ile.

"Jina langu limeandikwa tena. Meli za Machi."

Asubuhi Brites alikwenda kisimani kumtafuta Mama Domingas, aliyeuza dengu za kuchemsha kwa wapagazi. Domingas alizaliwa Guinea. Aliletwa Ureno msichana, akauzwa, akafanya kazi miaka ishirini na miwili katika tanuri nyingine, zile za kijito cha pili cha mto ule. Bibi aliyemmiliki alimwachia huru siku ya kufa kwake, kama mtu anayegawa nguo kuukuu. Hakuna aliyejua moto wa tanuri kama yeye, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Brites alimpa biskuti ya jana. Domingas aliikunja. Haikukatika. Ilipinda kama soli ya kiatu, kisha ikararuka.

"Nani amekufundisha kuoka, paka?" Domingas alisema.

"Mama, usinicheke. Nimeua watu."

Domingas aliacha kucheka. Alifunika sufuria yake ya dengu.

"Sikiliza basi. Unga wako unautia maji mengi. Mkate wa meli unakandwa mkavu hadi mikono iume. Chachu kidogo sana. Unene usizidi kidole. Toboa matundu hadi chini, mvuke upate njia. Oka mara ya kwanza ushikane. Toa. Uache siku mbili juu ya chanja, pale darini juu ya tanuri penye joto. Halafu unarudisha."

"Unarudisha tanurini?"

"Mara ya pili. Makaa umeyaondoa, limebaki joto la matofali tu. Funga mlango, kalale. Asubuhi vunja mmoja. Ndani kuwe sawa na nje. Ulie kama kijiti kikavu. Kucha ikiingia, rudisha tena. Na usitie kwenye pipa mkate wenye joto hata chembe. Joto ndani ya pipa ni jasho, na jasho ndilo linalozaa kuvu. Pipa lenyewe liwe kavu, lisinuke divai."

"Bastião anasema kuni hazitoshi."

"Zinatosha. Mimi nimezibeba." Domingas aliishika ile biskuti iliyoraruka. "Nilipoletwa, tulikuwa chini ndani ya tumbo la meli watu mia na themanini. Tulipewa mikate ya namna hii. Dada yangu alikufa siku ya kumi na tisa. Nahodha akaandika kwenye kitabu: homa. Kila aliyekufa, homa. Haikuwa homa, mwanangu. Kuna mtu mahali fulani aliyekaa kwenye kiti akaokoa kuni. Mimi mnyororo ule nilifungwa na watu wanaojulikana, na mkate ule ulipikwa na mtu anayejulikana. Ila hakuna aliyeulizwa."

Brites alirudi nyumbani akiwa na Domingas. Lourenço alimpisha kwenye benchi karibu na moto, akamuuliza kuhusu meno.

"Mkate mzuri utaponya fizi?"

"Hapana," Domingas alisema. "Usidanganyike. Mkate mkavu unazuia njaa na kuharisha. Fizi zinaoza kwa kukosa vitu vibichi. Wewe ulipona wapi?"

"Kisiwa cha Msumbiji. Wanawake wa pale walituletea malimau na machungwa kwa vikapu. Siku ya sita damu mdomoni ilikatika. Wagonjwa waliokuwa wamebebwa walishuka kwa miguu yao."

"Na nahodha wenu akawashukuru vipi?"

Lourenço alitazama moto. "Kijiji cha jirani kilikataa kumuuzia mbuzi kwa bei yake. Akachoma mitumbwi yao yote. Mimi nilikuwa kwenye mashua iliyobeba mienge."

"Mnaponywa, kisha mnachoma," Domingas alisema. "Halafu mnarudi hapa kanisa linapiga kengele."

Brites alimwona mumewe akiinamisha kichwa, akajua kwamba wote wawili wamefanya kazi ya watu wengine kwa mikono yao wenyewe.

Wiki ile aliwakusanya wale wanawake sita wengine kwenye ghala la unga. Alikiweka kile kifuniko juu ya gunia. Leonor wa mkasi alikuwa na mkwe kwenye meli za Machi. Mwenye samaki alikuwa na wana wawili. Walikipitisha kifuniko mkono kwa mkono.

"Tukikataa, Tavira ataleta wengine," Leonor alisema. "Watu wenye njaa hawakosekani."

"Alete," Domingas alisema kutoka mlangoni. "Na chapa atatoa wapi? Chapa zenu zimeandikwa bandarini kwa majina yenu. Waliziweka ili lawama iwe yenu. Basi chapa ziwe zenu kweli. Okeni mnavyojua. Pipa bovu msilipige chapa."

Bastião, aliyekuwa na shughuli ng'ambo bandarini, alifika siku ya nne. Alikuta milango ya tanuri imefungwa.

"Toeni mikate."

"Imerudi tanurini mara ya pili," Brites alisema. "Itatoka kesho."

"Nani ameamuru?"

"Mimi."

"Wewe? Wewe ni nani, mama? Wewe ni mikono." Akamwona Domingas. "Na huyu anatafuta nini hapa? Nenda kauze dengu zako."

"Nimeshauza," Domingas alisema. "Leo napumzika."

Bastião alifungua mlango mwenyewe na kuvuta mikate kwa koleo la mti. Aliijaza mapipa ishirini, akatokwa na jasho, akagonga vifuniko kwa hasira.

"Pigeni chapa."

Brites alikitia chuma chake kwenye ndoo ya maji. Kilifanya tss. Leonor akafanya vivyo hivyo, kisha wa samaki, kisha wengine. Ilisikika mara saba.

Bastião aliyapeleka mapipa hivyo hivyo. Karani wa bandari hakuwa mtu mwema wala mbaya. Alikuwa karani. Aliangalia vifuniko vitupu akayarudisha mapipa yote kwa mashua ile ile. Bwana Tavira alitishia kuwafukuza. Aliwakata mishahara wiki mbili, na wiki mbili zile watu saba waliishi kwa kabichi na dengu za Domingas. Hata baada ya hapo hawakulipiga chapa pipa bovu, na upepo wa Machi haungoji mtu wa zabuni. Ilipofika Januari, meli zilikuwa gatini zikidai mkate. Bastião alikuja amevaa koti lake, akasimama nje ya mlango.

"Mara mbili, basi," alisema akitazama pembeni. "Na msiniite kuangalia."

Walioka mara mbili. Kuni zilizidi kidogo tu, kwa sababu mara ya pili ni ya joto linalobaki, ambalo zamani lilikuwa linapotea bure. Huo ndio ulikuwa uchungu wenyewe. Watu wale wote walikufa kwa kuokoa kitu kidogo vile. Kabla ya kufunga pipa, kila mwanamke alivunja biskuti tatu, ya juu, ya kati na ya chini, akasikiliza. Lourenço na wenzake walichanga, wakanunua vikasha vya malimau yaliyotiwa chumvi. Hilo halikuwa la Bwana Tavira. Yeye alisema malimau hayamo katika mkataba.

Meli ziliondoka. Brites alifanya kazi mwaka mzima na miezi mitano, akiutazama mto kila jioni.

Lourenço alirudi amekonda, mweusi kwa jua, akiwa na meno yote aliyoondoka nayo. Mkate uliwafikisha hadi Goa, na uliobaki chini ya pipa ulikuwa bado unalia ukivunjwa. Waliowatupa majini walikuwa saba. Mmoja alianguka kutoka mlingotini. Wale sita wengine walikufa kwa homa, na safari hii ilikuwa homa kweli.

Majira yale wanawake wa kijito cha pili walimwita Domingas akawafundishe, na alikwenda kwa malipo. Bandarini wakaanza kufungua pipa moja katika kila ishirini kabla ya kupakia.

Mwezi wa Oktoba Filipa alirudi kutoka gatini amekunja uso.

"Mama, Bwana Tavira amepewa barua ya shukrani. Imesomwa mbele ya watu. Eti mkate wake umeokoa watumishi wa mfalme. Wake! Na wewe umepewa nini?"

Brites alikuwa ameinama kwenye kinywa cha tanuri, akipanga biskuti za mara ya pili.

"Nimerudishiwa baba yako," alisema. "Funga huo mlango, joto linatoka."